Haki ya Mnyonge Usukumani

Sapiwi ni kata ya wilaya ya Bariadi, upande wa mashariki wa Usukuma, katika mkoa wa Simiyu uliokatwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Huko watu hulima pamba na nafaka, hufuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na huitazama mbingu kwa hofu na tumaini kila ifikapo miezi ya mvua. Mgeni apitaye haoni ngome, wala magofu, wala kaburi la sultani, na aweza kudhani kwamba hapana cha kuandika katika vitabu vya historia. Walakini historia ya haki haikai katika ngome peke yake. Aghalabu hukaa katika mambo ya kila siku: nani humpa jirani yake mbegu, nani hushika mizani, nani humlimia mjane shamba lake, na nani huitwa kwa jina baya mvua isiponyesha. Katika insha hii nakusudia kutazama jinsi mambo ya namna hiyo yalivyokwenda Usukumani kwa muda wa miaka mia na zaidi, ili tujue kazi ya ustawi wa jamii ni kazi gani hasa katika nchi kama hii.

Jambo ninalotaka kulionyesha ni moja. Mnyonge wa Usukuma hakukosa watetezi. Alikuwa na jirani, alikuwa na mtemi, akaja akapata ushirika, serikali na sungusungu. Kila mmoja wa hao alimsaidia kweli, na karibu kila mmoja, kwa wakati wake, alimdhuru. Msaada ulipogeuka kuwa dhara, sababu haikuwa ubaya wa moyo siku zote. Sababu ilikuwa kwamba mnyonge hakusikilizwa kabla ya kuhukumiwa, au kwamba badala ya kutafuta chanzo cha shida, watu walitafuta mtu wa kuibeba.

Tuanze na jirani. Tangu zamani Wasukuma waliishi katika miji iliyotawanyika, kila mji na ua wake wa minyaa na zizi lake la ng'ombe. Kutawanyika huko hakukuwa upweke, kwa maana kazi nzito haikuachwa mikononi mwa kaya moja. Vijana wa kijiji walikuwa na chama chao, na mkuu wa chama hicho aliitwa nsumba ntale. Wakiwa wengi huitwa basumba batale. Cheo hicho hakikurithiwa, bali vijana walimchagua wamtakaye. Yeye ndiye aliyepanga siku ya kulima, ya kupalilia au ya kuvuna katika shamba la mtu aliyeomba msaada, na ujira ulikuwa nyama, pombe au chakula kilicholiwa na wote pamoja. Ngoma nazo zilitiwa katika kazi. Vyama viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vilishindana kwa jembe kama vilivyoshindana kwa wimbo. Na ngoma ya bugobogobo huchezwa hata leo kwa majembe mikononi. Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya Tanganyika, alieleza mipango hii kwa urefu katika maandishi yake ya miaka ya 1950, naye aliona kwamba nguvu ya basumba batale ilikuwa kubwa hata wakubwa wa kijiji waliiheshimu.

Nguvu hiyo yafaa ifikiriwe vema. Chama kinachoweza kumlimia mtu chaweza pia kuacha kumlimia. Aliyekataa kazi ya pamoja, au aliyekataa kulipa faini aliyotozwa, alitengwa: hapewi moto, hasalimiwi, hapati mikono ya kumzikia maiti wake. Katika nchi ambamo kila mtu humhitaji jirani yake wakati wa kilimo na wakati wa msiba, adhabu hiyo ilitosha kabisa, wala haikuhitaji jela. Kwa mtu mkaidi mwenye nguvu ilikuwa njia ya kumrudisha katika adabu. Lakini kwa mtu dhaifu, asiye na ng'ombe wa kulipa wala wana wa kumsemea, ilikuwa karibu sawa na kifo. Basi ujima ulikuwa na pande mbili tangu mwanzo, nao wausifuo bila kuutaja upande wa pili hawausemi kwa ukamilifu.

Juu ya jirani alikaa mtemi. Nchi za mashariki ya Usukuma zilikuwa na tawala nyingi, na Ntuzu, ambamo Bariadi imo, ilikuwa mojawapo. Mtemi hakuwa mfalme wa kufanya atakalo. Alichaguliwa na wazee wakubwa wa nchi, banang'oma, nao waliweza kumwondoa. Kazi yake ya kwanza machoni pa raia ilikuwa mvua. Ilipokosa kunyesha, watu walimwuliza yeye, na ukame ulipozidi waliweza kumfukuza wakaweka mwingine. Tena mtemi alipokea nafaka kutoka kwa raia, na sehemu ya nafaka hiyo iliwekwa ghalani, ikatoka wakati wa njaa na kwa ajili ya wageni na wasiojiweza. Leo twajua kwamba mtemi hakuwa na uwezo wa kuleta mvua. Hata hivyo desturi ile ilikuwa na maana ambayo haifai kudharauliwa: lawama ya njaa ilipanda juu, ikamfikia mtu mwenye nguvu kuliko wote, naye mtu huyo ndiye aliyekuwa na ghala. Aliyelaumiwa alikuwa na kitu cha kujibu.

Sisemi kwamba siku zile hapakuwa na walioshukiwa uchawi. Walikuwapo, wakahukumiwa, na wengine wakauawa au wakafukuzwa. Lakini mashtaka hayo yalikuwa na mahali pa kupelekwa, na ngazi za kupita, kabla ya mtu kupigwa. Utawala wa Wajerumani, na baada yake wa Waingereza, ulizivunja ngazi hizo. Katika miaka ya 1920 Waingereza waliwafanya watemi kuwa watumishi wa serikali wenye mshahara. Malipo ya kale ya nafaka na kazi yakageuzwa kuwa kodi ya fedha, na ghala likapoteza maana yake. Mtemi alikuwa sasa anamjibu Bwana Shauri zaidi kuliko anavyowajibu raia, na hakuondolewa tena kwa sababu ya ukame. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikataza mtu kufanya uchawi, na ilikataza pia kumtaja mwingine kuwa mchawi. Nia yake ilikuwa njema kwa sehemu. Walakini hofu ya watu haikuondoka kwa sababu ya karatasi. Profesa Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeichunguza habari hii kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba sheria za kikoloni ziliwanyang'anya wakubwa wa kienyeji uwezo wa kuamua mashtaka ya uchawi bila kuweka kitu kingine mahali pake. Yaliyokuwa yakisemwa barazani yakaanza kunong'onwa gizani. Watemi wenyewe walifutwa kwa sheria mwaka 1963, na tangu hapo mvua haikuwa na mwenyewe.

Kabla sijaendelea na mashtaka hayo, yafaa nitaje mahali ambapo wanyonge wa Usukuma walijitetea wenyewe kwa akili na kwa utulivu, nao wakafanikiwa: nayo ni mizani ya pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilizidi kupandwa katika Mkoa wa Ziwa, na mkulima aliiuza kwa wafanya biashara na wenye viwanda vya kuchambulia. Mizani ilikuwa yao, macho ya kusoma mizani yalikuwa yao, na fedha ilikuwa mikononi mwao. Mkulima asiyejua kusoma alitembea mwendo mrefu na mzigo wake, akaambiwa uzito, akapewa alichopewa. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe ili kuusahihisha uzito kabla pamba haijauzwa. Paul Bomani alikuwa mmoja wa viongozi wao. Jambo lenyewe lilikuwa dogo: mizani ya pili, na mtu wa pili wa kuisoma. Kutoka hapo vikatokea vyama vya ushirika vya vijijini, navyo mwaka 1955 vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililokuwa katika miaka michache mojawapo ya mashirika makubwa ya wakulima katika Afrika. Haya yalifanyika wakati ambapo chama cha TANU kilikuwa kimekatazwa kufanya kazi Usukumani, tangu mwaka 1954 hata mwaka 1958. Kwa hiyo ushirika ulikuwa pia shule ya siasa.

Ushirika nao haukukaa salama. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika katika nchi nzima, kwa sababu malalamiko ya wakulima yalikuwa yamezidi: wizi wa fedha, watumishi wengi kuliko kazi, na mizani zilizoanza tena kusema uongo, safari hii mikononi mwa ndugu. Mwaka 1967 serikali ililichukua Shirikisho la Victoria chini ya uangalizi wake, na mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vikavunjwa kabisa, hata vilipoanza kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Kumbe haikutosha kuwa mwenye mizani ni mtu wetu. Kilichomsaidia mkulima mwanzoni kilikuwa mizani ya pili, yaani uwezo wake wa kusema, "Hapana, pima tena," na neno lake lisikike. Uwezo huo ulipokufa, jina la ushirika halikumwokoa.

Sasa turudi katika kaya, kwa jambo dogo kuliko mizani: moshi. Usukuma ilikuwa na misitu na vichaka kuliko ilivyo leo. Katika miaka ya 1920 na 1930, hasa karibu na Shinyanga, watu kwa maelfu walikusanywa chini ya watemi wao kufyeka pori ili kuwaondoa mbung'o, wadudu waletao nagana kwa ng'ombe na malale kwa watu. C. F. M. Swynnerton, aliyeuongoza uchunguzi wa mbung'o, alifanya kazi hiyo mpaka alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938. Ufyekaji ulifaa: mifugo ilipata malisho na watu walipata nchi ya kulima. Baadaye pamba nayo ilitaka mashamba mapya, na watu na ng'ombe wakazidi. Mti ukawa mbali na nyumba. Mwanamke aliyekuwa akiokota kuni karibu na ua alianza kwenda mwendo wa saa nyingi, na asiyeweza kwenda alipika kwa mabua ya pamba na kwa samadi kavu ya ng'ombe, juu ya mafiga matatu, ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutosha. Moshi wa samadi ni mkali. Mwanamke aliyeinama juu ya moshi huo miaka arobaini au hamsini huwa na macho mekundu uzeeni, na ugonjwa wa trakoma huyazidishia. Basi macho mekundu, ambayo ni alama ya mtu aliyewapikia wengine maisha yake yote, yakafanywa kuwa alama ya mchawi.

Ningependa msomaji aufuate mfuatano huo tena. Mti ulikatwa kwa amri ya serikali na kwa faida ya mifugo na pamba, kuni zikapungua, samadi ikawashwa, macho yakawa mekundu, na aliyekuwa na macho mekundu akashtakiwa. Katika mfuatano huo bibi kizee hakuamua hata jambo moja. Waliokata miti walikuwa wengi na wenye nguvu, na walipata faida; gharama ilimwangukia mmoja aliyekuwa jikoni. Hapo ndipo yaonekana kwa nini haki ya kijamii haiwezi kutenganishwa na mambo kama kuni, maji na njia ya kwenda sokoni.

Ukiongeza njaa juu ya moshi, wapata kuelewa mauaji yenyewe. Uchunguzi wa Mesaki umeonyesha kwamba katika mauaji ya watu walioshukiwa uchawi yaliyoandikwa na serikali katika miaka ya 1970 na 1980, sehemu iliyozidi nusu ilikuwa ya Usukuma, na waliouawa wengi walikuwa wanawake. Mwaka 2005 mtaalamu wa uchumi, Edward Miguel, alitangaza uchunguzi wake juu ya Meatu, wilaya iliyokuwa jirani na Bariadi wakati huo na ambayo sasa imo katika mkoa uo huo wa Simiyu. Alilinganisha habari za mvua na habari za mauaji katika vijiji, akaona kwamba katika miaka ya mvua mbaya, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya walioitwa wachawi yalikuwa kiasi cha mara mbili ya miaka mingine, wakati mauaji ya sababu nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee, na aghalabu wauaji walitoka katika jamaa zao wenyewe. Habari hii ni ya kuhuzunisha, lakini yatufundisha. Kama uchawi ungekuwa ndio sababu, mauaji yasingefuata mvua. Ghala lilipokuwa tupu, mdomo mmoja ulionekana kuwa wa ziada, na jina la mchawi lilipatikana tayari kwa kuuondoa. Mara nyingine palikuwa pia na shamba au ng'ombe ambao mjane alikuwa amewashikilia, na ambao warithi hawakutaka kuwangojea.

Linganisha sasa na habari za mtemi. Hapo kale mvua ilipokosekana lawama ilimpandia mwenye ghala; baadaye ilimshukia asiye na kitu. Operesheni ya vijiji, iliyofanywa kati ya mwaka 1973 na 1976, iliwahamisha watu kutoka miji yao iliyotawanyika na kuwaweka safu kwa safu, wengine karibu na majirani ambao hawakuwachagua. Shule na zahanati zilisogea karibu, na hilo lilikuwa jema. Lakini wivu na shaka navyo vilisogea karibu.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 1976 vyombo vya dola viliwakamata watu wengi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga ili kuyakomesha mauaji haya. Bariadi ilikuwa katika mkoa wa Shinyanga wakati huo. Nia ilikuwa kuwalinda wanyonge. Lakini waliokamatwa waliteswa ili wakiri, na baadhi yao wakafa mikononi mwa walinzi wa sheria. Habari zilipojulikana, Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu mwezi Januari 1977 ingawa hakuwa ametenda kosa hilo kwa mkono wake. Na viongozi wengine, pamoja na wakuu wa mikoa hiyo miwili, walijiuzulu vilevile. Kujiuzulu huko kumekumbukwa katika nchi kwa sifa, na kwastahili. Hata hivyo wafu hawakufufuka, na vikongwe wa Usukuma hawakuwa salama zaidi kwa sababu watu wengine waliteswa kwa ajili yao. Mtu aliyeteswa mahabusu na bibi aliyekatwa mapanga usiku walipatwa na jambo moja: wote wawili walihukumiwa na watu waliokuwa wamekwisha kuamua kabla ya kuwasikiliza.

Miaka michache baadaye watu walijitafutia ulinzi wao wenyewe. Vita vya Uganda vya miaka 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha silaha mikononi mwa wengi, maisha yalikuwa magumu, na wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi. Mwaka 1982, katika sehemu za Kahama na Shinyanga, likaanza jeshi la wanavijiji liitwalo sungusungu, au wasalama, likaenea upesi Usukumani kote. Walikula kiapo, wakachagua wakuu wao na kuwapa majina ya kale ya utemi, wakachukua pinde na mishale. Ukipigwa mwano, yaani ukunga wa hatari, kila mwanamume alitoka nyumbani kwake, na kijiji kiliupokea kutoka kwa kijiji kingine, hata mwizi akakosa pa kupita. Wizi ulipungua kweli, na viongozi wa taifa waliwasifu. Mwaka 1989 sheria ya nchi iliwapa uwezo kama wa mgambo.

Katika sungusungu twaona tena sura ya basumba batale: wakuu wa kuchaguliwa, faini ya ng'ombe, na adhabu ya kutengwa. Twaona pia upande wa pili wa jambo lile lile. Pamoja na wezi, walitafutwa wachawi, na miongoni mwa waliofukuzwa vijijini walikuwamo wanawake waliotajwa tu kwa majina. Mwizi wa ng'ombe aweza kukamatwa na ng'ombe. Mwenye kushtakiwa uchawi hushikwa na nini? Hana kitu cha kuonyesha kwamba hakutenda. Baraza la wanaume wenye mishale, ambamo mshitakiwa ni mwanamke na waamuzi ni jirani na wakwe zake, si mahali pepesi pa kusema, "Pima tena."

Basi kazi ya ustawi wa jamii iko wapi katika habari hizi? Wengi hudhani kwamba ni kazi ya ofisi, ya mtu mwenye meza na faili, iliyoletwa kutoka nchi za mbali. Kuna ukweli kidogo. Elimu yake ilikua katika miji ya Ulaya na Marekani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na katika Tanzania Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Lakini tazama asili yake ilivyokuwa. Mwaka 1889 Jane Addams na mwenzake walihamia katika nyumba iitwayo Hull House, katika mtaa wa maskini wa Chicago, ili wakae na wageni waliohamia huko kutoka nchi nyingi. Waliona watoto wakiugua na takataka zikirundikana njiani bila kuzolewa. Addams hakukaa akiwahubiria mama zao usafi. Mwaka 1895 alikubali kazi ya mkaguzi wa takataka wa mtaa ule, akaamka alfajiri kuyafuata magari ya taka. Alikitafuta chanzo mahali kilipokuwa.

Kazi ya namna hiyo imefanyika Usukumani pia. Katika wilaya ya Magu, jirani ya magharibi, shirika la HelpAge pamoja na watu wa huko walianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuwasaidia wanawake wazee. Hawakuanza kwa kubishana na wanakijiji kama uchawi upo au haupo. Walijenga majiko yanayotumia kuni chache na kutoa moshi kidogo, na macho yakapata nafuu. Walitengeneza nyumba za wazee zilizokuwa mbovu. Waliwafundisha wanakijiji waliochaguliwa habari za sheria, ili mjane apate mtu wa kumweleza haki yake ya ardhi na wa kumsemea barazani. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliwapa silaha nzuri, kwa kuwa yakataza mila itakayomnyima mwanamke ardhi. Walizungumza na waganga, na sungusungu, na vijana, kwa maana hao ndio wenye masikio ya watu. Serikali nayo ilitoa Sera ya Taifa ya Wazee mwaka 2003.

Kwa upande wa miti, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI, ulianza mwaka 1986, wakati ambapo Bariadi ilikuwa ndani ya mkoa huo. Wataalamu walijifunza kwamba Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho ifungwe wakati wa masika ili ing'ombewe katika kiangazi. Desturi hiyo ilifufuliwa na kupanuliwa, ngitili za kaya na za vijiji, na vichaka vikarudi katika eneo kubwa, pamoja na kuni, dawa na asali. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa tuzo ya kimataifa ya Ikweta. Waandishi huisifu kwa ajili ya miti. Mimi naiona pia kuwa kazi ya haki, kwa sababu kila kichaka kinachorudi karibu na nyumba huufupisha mwendo wa mwanamke mmoja na kupunguza moshi katika jiko moja.

Jiko, ngitili, mizani ya pili na mtu wa kumsemea mjane ni vitu vidogo, tena havina fahari. Lakini vyalingana katika jambo moja: havimtafuti mwenye hatia. Jiko huuondoa moshi, ngitili huleta kuni, mizani huonyesha uzito, na msemaji huhakikisha kwamba neno la mshitakiwa limefika barazani kabla ya hukumu. Wala havikutoka nje ya mila. Ngitili ni ya Wasukuma, kuchagua mkuu wa kazi ni desturi yao, na kumwuliza mwenye ghala wakati wa njaa ni desturi yao pia. Mila haikuwa na upungufu wa wema. Ilipungukiwa na kizuizi cha kuulinda wema huo usimgeukie mtu dhaifu.

Kwa hiyo mwanafunzi atakayepelekwa kufanya kazi ya ustawi wa jamii katika kata kama Sapiwi asianze kwa kuwahesabia watu ujinga wao. Aulize kwanza jinsi mvua ilivyokuwa mwaka huu, na kama chakula kitafika hata mavuno. Aulize kuni zatoka wapi. Aulize ni wajane wangapi wanaokaa peke yao, nani hulima mashamba yao, na ardhi yao imeandikwa kwa jina la nani. Aulize pia, kwa upole na kwa siri, ni nani ambaye watu wameacha kumsalimu. Kisha akae na wazee, na vijana, na sungusungu, awakumbushe kwamba baba zao walipokosa mvua walikwenda kwa mtemi, wala hawakwenda kwa kikongwe. Mwaka wa mvua njema kila kijiji huonekana chenye haki. Kijiji hupimwa mwaka wa pili wa ukame, mwezi ambao ghala limeisha, kwa kutazama kama bibi mwenye macho mekundu bado hupelekewa moto na jirani yake asubuhi.